Mume amerudi salama kutoka misheni, mimi ndiye niliyefika mwisho

BARUA

Washauri, habari za kazi. Naomba msilitaje jina langu. Kikosi cha mume wangu nimeacha kukitaja makusudi.

Mume wangu ni askari wa miguu. Alikuwa misheni zaidi ya mwaka, na sasa ni nusu mwaka tangu arudi. Wiki za mwanzo alikuwa mpole kupita kiasi, anashinda ndani, anawatazama watoto kama wageni. Nikajisemea ni uchovu, utaisha.

Haukuisha. Usiku anazunguka nyumba nzima akijaribu kitasa kimoja kimoja, akimaliza anaanza upya. Akilala anapiga kelele. Mwezi uliopita alikuwa anaota, nikamshika bega ili nimwamshe. Kufumba na kufumbua mikono yake iko shingoni kwangu. Alipozinduka alitetemeka, akaniomba radhi, akatoka kwenda kukaa nje mpaka kukakucha. Tangu siku hiyo nalala na watoto, naye anasema nimemkimbia.

Mchana ni hasira. Juzi mdogo wetu, wa miaka 6, aliangusha mfuniko wa sufuria. Kabla mfuniko haujaacha kuzunguka, baba yake alikuwa ameshalala kifudifudi sakafuni. Alipoinuka akaona tunamtazama, akamfokea mtoto mpaka akajikojolea. Mkubwa, wa miaka 11, siku hizi ndiye anayemnyamazisha mwenzake: "Shii, baba yupo." Redio anaifungulia sauti ya juu kabisa, lakini sisi tukicheka chumba cha pili tunaambiwa tunapiga kelele. Ukimwita haitiki, ukirudia anakuja juu, eti kwa nini unamkaripia kama kuruta.

Hakuwa mtu wa pombe. Sasa anakunywa kila jioni, pombe kali, peke yake, na anasema bila hiyo usingizi haupati. Ana bastola anayoimiliki kwa kibali. Inalala chini ya mto wake.

Hajanipiga. Hela ya nyumba anatoa, simu yangu hagusi, kwetu naenda nikitaka. Ila nyumba niliiendesha peke yangu muda wote huo, na yeye amerudi kupangua kila utaratibu, kisha anaachia katikati. Wiki iliyopita tuligombana kuhusu ada za watoto akasema, "Mngepumzika kama nisingerudi." Nikamjibu asinitishe.

Mama mkwe ananiambia, "Vumilia mwanangu, askari ndivyo walivyo." Rafiki yangu anasema niondoke leo. Mimi nimechoka kumkinga. Wageni nimewaambia wasije, sherehe hatuendi, asubuhi akishindwa kuamka napiga simu kazini kwake kusema ana homa. Nikisikia kuna kikosi kingine kinaondoka, moyo unasema laiti angeitwa tena. Halafu najichukia. Najifungia bafuni nafungulia maji ili watoto wasisikie nikilia.

Hospitali hataki, anasema wakimwandika ana tatizo la akili, kazi imekwisha. Nibaki au niondoke? Na nirudi chumbani au nisirudi?

Mama Wawili

JIBU

Dada yetu Mama Wawili,

Swali la kubaki au kuondoka tutalifikia. Kuna sentensi moja uliyoipita haraka ambayo haiwezi kusubiri: "Mngepumzika kama nisingerudi." Wewe uliisikia kama kitisho. Ikitoka kwa mtu asiyelala, anayekunywa kila usiku na mwenye bastola chini ya mto, sisi tunaisikia kama maneno ya mtu ambaye huenda anafikiria kufa. Inawezekana sivyo. Njia ya kujua ni kumwuliza, tena kwa neno lenyewe.

Mvizie saa ambayo hajanywa, mkiwa wawili. Mwambie: "Uliposema tungepumzika usingerudi, nilikasirika, sikukusikiliza. Unafikiria kujiua?" Usizunguke kwa kusema "huna mawazo mabaya, eti?" maana swali la namna hiyo linamwomba mtu ajibu hapana. Wengi huogopa kwamba kulitaja jambo hili ni kumpandikizia mtu wazo. Sivyo, aliye nalo mara nyingi hupata nafuu kwamba kuna mtu amethubutu kuuliza. Akisema ndiyo, mwulize amefikiria njia gani na lini. Mwenye njia na muda haachwi peke yake, hata kwa dakika za kwenda kuita jirani: mpigie simu huyo jirani akiwa hapo hapo, kisha namba ya dharura, au mfikisheni hospitali yenye huduma ya afya ya akili siku hiyo hiyo. Akisema hapana, mshukuru kwa kujibu, na habari ya bastola inabaki pale pale.

Bastola itoke ndani ya nyumba. Sababu tunaieleza waziwazi kwa sababu utahitaji kuirudia mbele yake: msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya dakika au saa chache, na mtu aliyepitishwa salama kwenye kilele chake ana nafasi kubwa ya kuendelea kuishi. Bunduki haimpi mtu nafasi ya kubadili nia. Zaidi ya hayo kuna mtoto wa miaka 6 ndani, na kuna mtu anayeamka usiku bila kujua yuko wapi. Uliza polisi au mtunza ghala la silaha la kikosi ni wapi sheria inaruhusu itunzwe kwa muda. Kama kuitoa haiwezekani kwa sasa, basi ikae bila risasi, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, risasi zifungiwe mahali pengine, na funguo zisikae na yeye. Usijaribu kuitoa risasi mwenyewe kama hujafundishwa, na usiiguse mkiwa kwenye ugomvi au akiwa amelewa. Lifanye jambo hili kuwa ombi lenye mwisho: "Ikae huko mpaka usingizi wako utengemae, kisha tutazungumza tena." Wanajeshi wengi hukubali wakiambiwa hivyo, kuliko wakiambiwa hawaaminiki. Na kama siku moja akiwa macho atakuelekezea, au ataitaja wakati wa ugomvi, achana na ushauri wetu wote unaofuata: chukua watoto, ondoka, piga simu polisi.

Shingo yako nayo ilipaswa kuonwa na daktari, na bado hujachelewa. Mtu anaweza kukabwa bila alama yoyote nje na mshipa wa damu ukawa umeumia ndani. Madhara huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye. Ukiwa na sauti iliyokwaruza, maumivu ya kumeza, kichwa kinachouma upande mmoja, kizunguzungu, ganzi au ukungu machoni, nenda leo na useme wazi kwamba ulikabwa. Usiseme umelala vibaya.

Tunakubali kwamba usiku ule hakujua anachofanya. Ndiyo maana jibu la swali lako la chumbani ni rahisi: usirudi bado. Mwambie sababu bila kumung'unya maneno, "Sijakukimbia, nimeikimbia ndoto," kisha mpangeni saa nyingine ya kuwa karibu, kwa mfano nusu saa kitandani jioni kabla hajanywa, halafu kila mtu anakwenda kulala kwake. Wanandoa wengi walio katika hali hii hulala mbalimbali kwa miezi na ndoa zao haziharibiki kwa sababu hiyo. Kinachoharibu ni kuhama kimya kimya. Akiota na ukalazimika kumwamsha, usimguse wala usimwinamie. Washa taa, simama upande wa miguuni umbali ambao mikono yake haifiki, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida, mwambie yuko nyumbani, ni usiku, wewe ni nani. Rudia mpaka akujibu. Watoto wafundishwe hivyohivyo: kumwamsha baba si kazi yao.

Kuhusu pombe kuna mambo mawili. Moja ni kwamba anasema kweli: inamlaza haraka. Lakini inapoisha mwilini, nusu ya pili ya usiku inavurugika, na ndoto zilizokandamizwa mapema zinarudi kwa nguvu, kwa hiyo kesho yake anahitaji pombe zaidi. La pili ni hatari zaidi. Usimwage pombe yake wala usimlazimishe aache ghafla. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukiikosa unaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa chache, kupata degedege kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho, na kati ya siku ya pili na ya nne kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyopo. Hali hiyo huua. Daktari aambiwe kiasi halisi, ili kuacha kupangwe pamoja na dawa. Na vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, ambavyo watu hupeana kwa urahisi, havifai hapa: juu ya pombe vinaweza kusimamisha pumzi, na ugonjwa wenyewe haviutibu.

Ugonjwa gani? Sisi hatuwezi kumpima kwa barua. Ulichoeleza kinafanana sana na ugonjwa wa kiwewe, ule ambao hospitali nyingi huuita kwa herufi PTSD: tukio kurudi kwa ndoto, kukwepa watu na mahali, moyo kufa ganzi, na mwili kukaa macho muda wote kama uko zamu. Ukidumu zaidi ya mwezi na kuharibu kazi au nyumba, hauitwi tena kuzoea maisha ya kurudi. Kuna dodoso la maswali 20 linalotumika sana, kila swali lina alama 0 hadi 4, jumla 80. Anayefika kati ya 31 na 33 au zaidi huelekezwa kwenye uchunguzi kamili. Dodoso halithibitishi ugonjwa, ila linampa mtu kitu cha kushika mkononi, na wanajeshi hupenda namba kuliko kuulizwa wanajisikiaje.

Ila kuna kitu kingine kwenye barua yako ambacho hatutaki kipotee ndani ya neno kiwewe. Redio juu kabisa, haitiki akiitwa, anahisi anakaripiwa, kelele za watoto zinamchoma. Huyo anaweza kuwa mtu aliyeharibiwa masikio na milio ya risasi au mabomu. Kupungua kusikia pamoja na mlio usiokoma ndani ya masikio ni jambo la kawaida kwa askari wa miguu. Maneno yanamfikia nusu, anadhani watoto wanampuuza, wewe unapaza sauti ili usikike, yeye anasikia karipio. Na sauti za juu, kama za watoto au za vyombo, zinaweza kumwumiza hata kama mazungumzo hayasikii vizuri. Aende apimwe masikio. Kipimo hakina aibu yoyote na kinaweza kuwa mlango wake wa kwanza wa kuingia hospitali. Huko huko daktari aulizwe kuhusu kichwa: kama aliwahi kuwa karibu na mlipuko, hata bila jeraha, hasira, usahaulifu, kichwa kuuma na kuchukia mwanga vinaweza kutokana na mtikisiko wa ubongo. Na kama kule alimeza meflokwini ya kuzuia malaria, itajwe, kwa sababu dawa hiyo inajulikana kuleta ndoto kali na wasiwasi ambao kwa baadhi ya watu huendelea baada ya kuiacha.

Umeona tunakoelekea. Usimpeleke hospitali kwa "tatizo la akili". Mpeleke kwa usingizi, masikio na kichwa, vitu anavyovilalamikia mwenyewe. Mazungumzo yafanyike mchana, mkiwa mnatembea au kwenye gari, mtu na mwenzake wakitazama mbele. Kukaliana uso kwa uso kunamkumbusha kuhojiwa. Sema ulichoona, si jina la ugonjwa: "Wiki hii usiku wa manane umeamka kukagua milango mara tatu. Nimekuwekea nafasi ya daktari wa masikio Jumanne. Nitakwenda nawe." Ombi moja, siku moja. Wiki mbili kabla ya hapo andika kwenye daftari: saa aliyolala, saa aliyoamka, glasi ngapi, ndoto au hakuna, hasira ilianzia wapi. Usiiandike kwa siri. Akiikuta bila kuambiwa ataiona kama faili la mashtaka. Mwambie ni ya daktari, na hata yeye anaweza kuijaza.

Hofu yake ya kazi si ya kipuuzi, na ukiidharau atafunga mlango. Kabla hajasema lolote kwa daktari wa jeshi, ana haki ya kuuliza: nitakachosema kinaandikwa wapi, nani anakisoma, na ni kitu gani kinachokulazimu umwarifu kamanda? Kwa kawaida hospitali ya kiraia na kiongozi wa dini wa jeshini wana kanuni tofauti za siri na zile za daktari wa kikosi, kwa hiyo aulize kote kabla ya kuchagua. Hatari ya kujiua au kuua huvunja siri karibu kila mahali. Mweleze pia kwamba kinachommaliza askari kazini mara nyingi ni asubuhi zilizopotea, ulevi na ugomvi. Kutibiwa mapema ndiyo njia ya kuvizuia hivyo.

Sasa upande wako, na hapa hatutakupamba.

Hesabu unavyoviacha kwa ajili yake: wageni, sherehe, kicheko cha watoto, na asubuhi zile za simu ya homa. Kila kimoja kilikuwa na sababu njema siku ulipokianza. Lakini ugonjwa huu unashiba kwa kukwepa. Kila anapokingwa na kishindo au umati, ubongo wake unajifunza kwamba kweli pale palikuwa na hatari na amepona kwa kuikimbia. Kesho yake mpaka wa hatari unasogea ndani zaidi. Ulianzia kwenye mikusanyiko. Umeshafika kwenye chumba cha pili cha nyumba yako. Wewe nawe unabaki mlinzi wa mpaka huo, saa 24, bila zamu ya kupokelewa. Uchovu ulionao una sababu hiyo, haukuja kwa udhaifu wako.

Usivirudishe vyote kwa mkupuo. Anza na kimoja chepesi: mgeni mmoja anayemfahamu, mchana, kwa saa moja. Siku moja kabla mwambie nani anakuja, anafika lini na anaondoka lini. Akizidiwa aruhusiwe kwenda chumbani, mgeni hafukuzwi. Rudia hivyohivyo wiki inayofuata kabla hujaongeza jingine. Watu hukosea kwa kumshtukiza mgonjwa na sherehe nzima, ikiharibika wanasema tulijaribu ikashindikana. Simu za homa, hizo zikome mara moja. Mwambie jioni, siyo asubuhi ile ile: "Sitapiga tena kwa niaba yako. Ukishindwa kwenda, utapiga mwenyewe." Unapomficha unaifanya pombe isimgharimu chochote, na wewe ndiye unayelipa.

Kwa hasira, wekeni makubaliano ya kusitisha, na myaweke siku ya amani. Mnachagua ishara moja ya mkono. Anayeitoa ndiye anayeondoka, anataja saa ya kurudi, isiyopungua dakika 30 wala kuzidi saa moja. Hanywi, haendeshi gari, harudii ugomvi kichwani, anatembea. Anayebaki hamfuati wala hatumi ujumbe. Saa ikifika anarudi, na suala linaendelea au linapangiwa siku. Mpango huu huharibika kwa njia mbili: anayebaki anamfuata mlangoni ili amalizie neno, au aliyeondoka harudi kwenye suala kamwe, na kusitisha kunageuka kuwa kukimbia. Harudi mara mbili mfululizo? Mkumbushe kwa maneno ya makubaliano yenu.

Kuhusu uendeshaji wa nyumba, mpe jambo zima, siyo kipande. Ada, kwa mfano: kama anazitaka, ziwe zake kuanzia kufuatilia hadi kulipa na kutunza risiti, na wewe usiguse hata akizifanya kwa namna usiyoipenda. Kama hawezi kwa sasa, ziwe zako na asizipangue. Jambo lenye mabosi wawili litawagombanisha kila mwezi.

Watoto waambieni ukweli wa kuwatosha. Wa miaka 6: "Baba alikuwa mahali pa hatari, mwili wake bado unadhani yuko huko. Sauti kubwa inamshtua. Siyo kosa lako." Yule wa 11 mwondoe kwenye kazi ya kumnyamazisha mdogo wake; mtoto anayepima hasira ya mtu mzima tangu asubuhi hadi jioni ataugua kwa namna yake, shuleni au tumboni. Akikojoa kitandani, akiacha kula au kushuka ghafla masomoni, naye aonwe. Na baba akitulia baada ya kufoka, amrudie mtoto mwenyewe aombe radhi. Usiombe radhi kwa niaba yake.

Kutamani aitwe tena misheni si uovu. Wake na waume wengi wa askari hulifikiria wazo hilo, maana akiwa mbali angalau unajua usiku wako utakuwaje. Lichukue kama kipimo cha ulipofikia. Huhitaji ruhusa yake wala ugonjwa wake kuthibitishwa ili wewe uonane na mshauri au daktari wako. Mama mkwe mpe kazi badala ya kumpa habari: usiku mmoja kila wiki watoto walale kwake, na wewe ulale saa 7 au 8 mfululizo. Anayesema vumilia anaweza pia kusaidia kubeba.

Nibaki au niondoke? Wapo wanaosema, "Mbona kazini anajizuia? Basi nyumbani anafanya makusudi." Kipimo hicho si kizuri, wenye kiwewe wengi hujikaza kazini na kupasuka nyumbani. Angalia anachofanya baadaye. Je, anakiri, anakubali kutoa silaha, anakwenda kwenye miadi? Au anakulaumu wewe, anaanza kukukataza ndugu, kushika hela, kupekua simu, kukulazimisha tendo la ndoa? Kukukaba akiwa macho, hata mara moja, ni miongoni mwa dalili kubwa kabisa kwamba mwanamke anaweza kuuawa. Hapo hakuna tiba ya wanandoa wala subira, ni kuondoka. Kwa barua yako hajafika huko. Hata hivyo andaa mkoba leo: vyeti vya watoto, vitambulisho, dawa, nauli, ufunguo wa ziada, nguo za siku mbili, na uukabidhi kwa mtu mwingine. Kubalianeni neno moja la siri ambalo ukimtumia huyo mtu anajua aje au aite polisi.

Tungekuwa sisi, tusingeamua ndoa ndani ya uchovu huu. Tungeweka masharti matatu yenye tarehe: bastola itoke wiki hii, miadi ya kwanza ndani ya wiki mbili, pombe ijadiliwe na daktari siku hiyo hiyo. Mpe kwa maneno machache, akiwa hajanywa. Tarehe zikipita bila kitu, wewe na watoto mnahamia kwa ndugu kwa muda, na unamwambia mlango wa kurudi ni upi: miadi. Kutengana kwa muda hakukufungi kudai talaka wala kurudi. Siku ya kuondoka usiwe peke yako, na kama unahofia atakavyopokea, mwambie kwa simu ukiwa umeshafika. Siku hiyo pia mtu mzima anayemwamini aende akae naye, kwa sababu ni siku ya hatari kwake.

Akikubali tiba, mjue mnaingia wapi. Zenye ushahidi mkubwa ni za mazungumzo yenye mpangilio: ya kuchambua fikra zilizokwama kwenye tukio, kwa kawaida vipindi 12, ya kuikabili kumbukumbu hatua kwa hatua, vipindi 8 hadi 15 vya dakika 90, na ile ya kuifuata kumbukumbu huku macho yakifuata mwendo wa mkono. Ipo pia ya wanandoa iliyotungwa kwa ugonjwa huu, vipindi 15, isiyofaa nyumba yenye kipigo. Dawa kama sertralini au paroksetini huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na haziachwi ghafla. Hilo la hamu mlijue mapema, usije ukadhani amekuchoka. Wiki za mwanzo za kuikabili kumbukumbu ndoto zinaweza kuongezeka kwa muda na akawa mkali zaidi. Hapo ndipo wengi huacha, wakiwa na vipindi vitatu au vinne tu. Kwa hiyo katika kipindi cha kwanza mwombe mumeo akuruhusu uingie dakika 10 za mwisho, umwulize mtaalamu mambo mawili: wiki ngumu ikifika tumpigie nani usiku, na ni kipindi cha ngapi tutakaa tupime kama tiba hii inamfaa au tujaribu nyingine.